Pedi za Breki za IST: Weka Boksi Pembeni, Tazama Ukingo

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Mezani hapa nina seti tatu za pedi za breki za mbele za Toyota IST, zote nimezinunua kwa fedha yangu katika maduka ya spea ya hapa Mwanza, na mojawapo imeniudhi kiasi kwamba nimeahirisha mada ya betri niliyowaahidi ili tuzungumzie hili kwanza. Sitaeleza pedi inafanya kazi gani wala inakaa wapi, kwa kuwa anayefuatilia chaneli hii anayajua hayo, na asiyejua atamwona fundi wake akiifungua kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski ya gurudumu.

Seti ya kwanza ni ya shilingi 30,000, ya pili ni ya shilingi 60,000 na ina chembe nyingi za chuma, na ya tatu, ambayo ni ya seramiki, imenigharimu shilingi 110,000. Boksi zuri kuliko yote ni la ile ya bei ya chini. Lina stika inayong'aa, lina picha ya gari la mbio, na neno Japani limechapishwa karibu kila upande, ilhali ndani yake hakuna hata kipande kimoja cha karatasi kinachosema nani ameitengeneza. Muuzaji alinisisitizia kwamba hiyo ndiyo orijino, nami sikubishana naye, kwa sababu jibu la swali hilo haliko kwenye boksi.

Naomba tusogeze kamera. Hii ni pedi ya seramiki, nami nimeigeuza ili muuone ukingo wake, yaani ule upande mwembamba ambao wengi hawautazami kabisa. Kuna mstari wa maandishi: alama ya mtengenezaji, namba ya mchanganyiko wa malighafi, na mwishoni kabisa herufi mbili, F na F. Herufi ya kwanza inaeleza nguvu ya msuguano breki zikiwa na joto la kawaida, na ya pili inaeleza nguvu hiyo breki zikiwa zimechemka. E ni msuguano wa kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Kwa hiyo pedi iliyoandikwa FF inabaki katika kiwango kilekile hata ikichemka, lakini ukikuta FE, ujue kwamba nguvu yake inapungua joto linapopanda, na utakanyaga zaidi ili upate kilekile ulichokuwa ukikipata mwanzo. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu miezi mingapi, wala hazimaanishi kwamba G ni bora kwa kila gari, kwani pedi inayoshika kwa ukali kupita ilivyokusudiwa kwenye gari dogo inaweza kuyafunga magurudumu mapema barabara ikiwa na maji.

Sasa tazameni ukingo wa pedi ya shilingi 30,000. Nauzungusha polepole, upande huu, na huu, na huu. Hakuna herufi, hakuna namba, hakuna alama yoyote. Mtu aliyelipia picha ya gari la mbio kwenye boksi ameshindwa kupiga muhuri wa herufi mbili kwenye bidhaa yenyewe.

Tukiwa bado hapo ukingoni, angalieni mahali tabaka la msuguano linapokutana na bati la nyuma. Kwenye seramiki na kwenye ile ya chuma mstari umenyooka na umekaza. Kwenye hii ya bei ya chini kuna mwanya kwenye kona, na kipande cha karatasi kinaingia, kama mnavyoona, kinaingia na kinatoka bila shida. Unyevu ukipita hapo, kutu huota kwenye bati na kulisukuma tabaka taratibu mpaka linabanduka likiwa bado nene. Ziwa letu halina chumvi kama bahari ya Dar es Salaam, hilo ni la kushukuru, lakini mvua za hapa pamoja na desturi yetu ya kuosha magari kila kukicha zinatosha kuifanya kazi hiyo.

Baadhi ya wenzetu wanaochambua spea huikwaruza pedi kwa msumari, na isipochubuka huitangaza kuwa imara. Kwa heshima zote, jaribio hilo linapima ugumu tu. Pedi inaweza kuwa ngumu kama jiwe la Bismarck, ikaimaliza diski yako, na bado isilisimamishe gari mahali ulipotaka.

Nilipoanza kuandaa uchambuzi huu nilikuwa upande wa seramiki moja kwa moja, kwa sababu ina kelele chache, haiachi vumbi jingi jeusi kwenye rimu na haili sana diski. Kwa anayeendesha IST kutoka Nyakato hadi mjini, akisimama na kuondoka kwenye foleni ya Buzuruga na Mabatini, bado nasema ni chaguo zuri. Hata hivyo, wengi wenu mlioniandikia mna Noah na Probox zinazobeba abiria na mizigo, na sasa hivi daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limewafungulia njia ya kwenda Sengerema bila kusubiri kivuko. Kwa gari linaloelemewa namna hiyo, msimamo wangu unahamia kwenye ile ya pili, kwa kuwa chuma kilichomo ndani yake hulitoa joto haraka zaidi, ingawa asubuhi itapiga kelele kidogo na rimu zitachafuka. Nawaomba pia wale wanaoteremka kutoka Bugando wakiwa wameweka gia huru (N) ili kuokoa mafuta waache tabia hiyo, kwani wanaibebesha pedi mzigo wote ambao injini ingesaidia kuupunguza.

Kuhusu bei, tofauti ya shilingi 30,000 kati ya seti ya kwanza na ya pili ni ndogo ukilinganisha na gharama ya diski mbili mpya. Ukitaka za Toyota yenyewe, namba ya pedi za mbele huanza na 04465, na ni vyema uende dukani na namba ya chasisi badala ya kusema tu unataka za IST, kwa maana kuna NCP60, NCP61 na NCP65. Breki za nyuma za IST nyingi ni za ngoma, na video ijayo itahusu hizo. Betri itafuata baadaye, naomba mnivumilie.

Jambo la mwisho ni jinsi ya kuzifunga pedi kwenye gari. Pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, hata kama upande mmoja unaonekana bado mzima, na tabaka likifika milimita 3 usisubiri zaidi. Hiki kibati kidogo kilichojikunja hapa kimewekwa ili kikwaruze diski na kupiga mlio pedi inapokaribia kuisha. Fundi akitaka kukikata kwa madai kwamba kinaleta kelele, mkatalie. Mwombe pia asipulize vumbi kwa kompresa, alifute kwa kitambaa kibichi, kwa sababu pedi isiyo na jina inaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Kabla hujaliondoa gari gereji, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwani pistoni za kalipa zimerudishwa nyuma na mkanyago wa kwanza utazama mpaka chini. Kisha tafuta barabara iliyo wazi, fika kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, uache breki zipoe kidogo, na urudie hivyo mara kadhaa ili pedi na diski zikamatane vizuri.

Seti ya kwanza nairudisha dukani mchana huu pamoja na boksi lake, na jibu la muuzaji nitaliandika chini ya video hii.