Kijitabu cha vichekesho vya namba: nusu kinavunja mbavu, nusu kimetafsiriwa

Nimekinunua stendi hapa Mtwara, kwa wale wachuuzi wanaotandaza chini vitabu vya dini, vya mapishi na vya tafsiri ya ndoto vyote pamoja. Shilingi 2,000. Jalada la njano, jina la mtunzi halipo, karatasi za fotokopi. Nilikitaka kwa ajili ya kijiwe chetu cha kahawa Mikindani, maana pale kuna wazee wagumu kucheka na mimi ndiye ninayetegemewa kuleta jipya.

Nianze na kilichonikera. Kurasa za mwanzo ni vichekesho vya Kiingereza vilivyogeuzwa neno kwa neno. Cha kwanza kabisa: "Kwa nini sita anamwogopa saba? Kwa sababu saba alimla tisa." Nikakisoma kijiweni, kimya. Mmoja akauliza kama kuna ukurasa nimeruka. Huko kilikotoka kinachekesha, kwa kuwa kwa Kiingereza nane hutamkwa sawasawa na neno la "alikula", kwa hiyo mtu akihesabu saba, nane, tisa, tayari ametangaza kwamba saba kamla tisa. Kwetu nane haijawahi kula mtu. Mtafsiri kabeba maneno kaacha mlio, na mlio ndio uliokuwa mchapo wenyewe.

Ukivuka hapo mambo yanabadilika. Mwalimu anauliza: "Tatu jumlisha tatu ngapi?" Mtoto mkaidi, mikono nyuma, anajibu: "Sitasema." Mwalimu: "Umeshasema, kaa chini."

Hiki kiliwaangusha wazee wote. Utamu wake uko kwenye tabia ya sita: haivai kiambishi. Watu sita, vikombe sita, miembe sita, iko vilevile, ndiyo maana inajibanza mwanzoni mwa kitenzi na hakuna anayeishtukia. Tano ingeumbuka mapema, mara watano, mara vitano. Ila wachapaji wameniudhi: wameandika "SITA-sema", herufi kubwa na kistari juu yake. Sasa mmebakiza nini? Kisimulie kwa mdomo, usimpe mtu asome.

Kuna kingine kinataka kinyume chake: "Duniani kuna watu wa aina 10, wanaoelewa hesabu za kompyuta na wasioelewa." Kompyuta inahesabu kwa 0 na 1 basi, ikivuka 1 inaandika 10, kwa hiyo 10 hapo ni mbili. Ukikisoma kwa sauti lazima uchague kusema "kumi" au "mbili", na ukichagua chochote umekiua. Nikamwonyesha fundi simu ukurasa, akacheka peke yake huku wazee wanamtazama.

Bibi yangu wa Newala nilimpigia simu nikamsimulia kile cha "sitasema". Kimya, halafu: "Sasa mume wangu, huyo mtoto kajibu nini?" Bibi hesabu zake zote anazifanya kwa Kimakonde, na huko sita ni tano na moja. Haina pa kujificha.

Lakini hayo tisa, kumi ni sehemu ya nyuma, ya vichekesho vya mgeuko. Hivi havitegemei mlio, vinategemea msikilizaji kukimbilia jibu. Cha ndege kumi mtini na mwindaji kila mtu anakijua tangu shule. Cha sarafu je? "Mfukoni nina sarafu mbili, jumla shilingi 250, na moja si ya 200." Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, alitoa sarafu zake akazipanga kwenye benchi: ya 50, ya 100, ya 500. Akazisukuma huku na huku mpaka kahawa ikapoa. Jibu: hiyo moja si ya 200, ni ya 50. Nyingine ndiyo ya 200. Alinishutumu kwamba nimemdanganya, nikamrudia sentensi ileile taratibu. Hakuna uongo ndani yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza "wala nyingine" kichwani.

Cha mgeni wa Ulaya nacho kizuri. Kaambiwa basi la Lindi linaondoka saa 12, kafika stendi jua la utosi. Kondakta: "Umewahi sana bwana, la kesho bado halijaoshwa." Kwa mtu wa hapa hakihitaji maelezo.

Kile cha kilo ya chuma na kilo ya pamba, ipi nzito, nilidhani kimechakaa. Nikabadilisha, nikauliza kilo ya pamba na kilo ya korosho. Muuza kahawa, hata hakugeuka kutoka kwenye jiko lake: "Inategemea mzani ni wa nani." Kijiwe kizima kikapasuka, na waliocheka zaidi ni wenye mashamba. Hilo kitabuni halimo, na linakishinda chote.

Kwa 2,000 nakipendekeza, hasa kwa walimu wa msingi na watu wa vijiweni. Anzia katikati. Majibu yamepangwa chini ya kila swali, kwa hiyo funika kwa kidole gumba unaposoma na mwenzako pembeni. Pini za katikati hazishiki. Kurasa za mwanzo zangu zimeshachomoka na sijazitafuta.