Hereni zangu za mamothi: miaka elfu kumi barafuni, wiki mbili Mwenge

Naandika hasira haijaisha, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Duka liko maeneo ya Mwenge, si mbali na wachonga vinyago. Jina silitaji, kwa sababu mzee anayefanya kazi kule nyuma hana kosa na sitaki aharibikiwe riziki. Mwenye kosa ni kijana wa kaunta. Yule aliyenijibu, mbele ya wateja wawili na binti yangu, huku anatafuna karanga: "Mama, kitu kina miaka elfu kumi, ulitegemea nini?"

Ngoja nianze mwanzo. Mdogo wangu alisoma Urusi, na safari ya mwisho aliniletea kipande cha pembe ya mamothi, saizi ya sabuni iliyotumika nusu, pamoja na risiti ya duka la Yakutsk. Mamothi ni yule ndugu wa tembo mwenye manyoya, walikwisha zamani, ila pembe zao bado zinatolewa Siberia kwenye ardhi iliyoganda. Kipande changu kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ubavuni doa la bluu inayokaribia kijani. Kumbe ni chuma cha ardhini kimekutana na fosfeti iliyomo kwenye pembe yenyewe, taratibu, karne kwa karne. Mimi hilo doa ndilo lililoniua. Nikasema hili lazima likae sikioni, watu waone.

Sasa kupita Dar na kitu kinachofanana na pembe ya ndovu si jambo la kuchezea. Nchi hii ilihesabu tembo kama 109,000 mwaka 2009, ikaja kuhesabu 2014 ikakuta 43,000 na ushee. Pale Kisutu mwaka 2019 watu walipigwa miaka 15 kwa biashara ya pembe. Kwa hiyo nilikifunga kipande changu kwenye khanga, nikaingia bajaji nimekikumbatia kama mwizi wa kuku, na kila trafiki niliyemwona nilihisi ananitafuta mimi.

Ndiyo maana mzee alinipata moyo siku ile ile. Kabla hajagusa chochote akauliza, "Karatasi yake iko wapi, mwanangu?" Nikampa risiti, maandishi yote ya Kirusi, akaiangalia kwa heshima utadhani anaisoma. Halafu akakata ncha kidogo, akasugua kwa msasa wa maji, akaniita nichungulie kwenye lenzi. Ndani kuna mistari myembamba inayokatana, kama wavu. Kwa mamothi mistari hiyo inakutana kwa pembe kali, chini ya nyuzi 90. Kwa tembo inatanuka, inapita nyuzi 115. Wangu ilibana kabisa. "Na tunasema pembe," akaniambia, "lakini hili ni jino. Lifanyie adabu ya jino."

Mzee amechonga mpingo maisha yake yote. Alinieleza kwamba mpingo ukiukosea unakwambia mapema, hiki kinanyamaza halafu kinapasuka. Kimejipanga tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kinakatwa kwa msumeno wa mkono, kinalowanishwa kila mara, kwa sababu kekee ikikimbia kinaungua na kutoa harufu ile ya kwa daktari wa meno. Kukikausha ni kivulini, polepole, bila haraka ya mtu yeyote. Tukakubaliana jozi moja ya hereni na kidani, wiki mbili. Nikalipa nusu. Nilitoka pale najiona nimeokota dhahabu.

Wiki mbili zikapita, na siku kadhaa juu yake. Napiga simu, anapokea kijana: "Zipo tayari, njoo."

Hereni ya kulia, sikudanganyi, ilikuwa kitu cha kumeza mate. Nyepesi, laini, doa la bluu limekaa katikati kama ziwa kwenye ramani. Ya kushoto imepasuka kuanzia kitundu cha ndoano mpaka chini, ufa umepita katikati ya bluu yangu, na ndani ya ufa imemwagwa supagluu. Juu ya supagluu kuna alama ya kidole. Kidole cha mtu! Na kijana alinikabidhi bahasha huku kaigeuza upande mzuri uwe juu, kwa hiyo alijua.

Nikauliza kimetokea nini. Ndipo likaja lile jibu la miaka elfu kumi.

Nikamwambia: kaka, kimekaa barafuni tangu kabla ya piramidi hakikupata hata mkwaruzo, kimekaa kwako wiki mbili kimekufa. Unajua alisema nini? "Basi kirudishe barafuni." Wateja wakacheka. Binti yangu naye akacheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko ufa.

Fundi mdogo wa mule ndani ndiye aliyeninong'oneza baadaye. Mzee alikuwa na msiba kwao, kijana akaona anacheleweshewa hela, akachukua hereni zikiwa bado mbichi za kuoshwa akazianika juu ya bati. Bati! Jua la Dar, saa saba mchana! Hata dagaa huwa tunawageuza.

Siku ile nilishaamua: nyota sifuri, na kama kungekuwa na chini ya sifuri ningeteremka. Nimefika barabarani nasimamisha bajaji, nasikia mtu ananiita. Ni mzee, ndiyo kwanza anashuka kwenye daladala na begi lake la safari. Nikampa shikamoo na pole ya msiba, nikashindwa kuongea zaidi, nikafungua bahasha tu. Akaitazama muda mrefu. "Wameniaibisha," akasema. Akaomba siku tatu.

Aliifungua gundi yote, akaupanua ufa kidogo mpaka ukanyooka, akapitisha utepe mwembamba wa silva na kuubana kwa pini mbili ndogo kuliko punje ya mchele. Sasa ya kushoto ina mto mweupe unaopita kwenye ziwa la bluu. Nimezivaa harusi moja Sinza, na wallahi kila aliyeniuliza aliulizia ya kushoto. Ya kulia hakuna hata aliyeitazama.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kazi ya mzee nampa tano, na ningempa ya sita. Nilikuwa tayari kusema nendeni, mvumilie kaunta, mtapata kitu ambacho mjini hapa hamtakiona kwa mwingine. Lakini siku ya kuchukua, kijana akanitolea bili: hela ya silva. Nilipomkazia macho akasema, "Silva si bure, mama." Yaani ufa wake, silva yangu! Nililipa, kwa sababu hereni zilikuwa mkononi mwake na sikutaka zirudi juu ya bati. Basi ni nyota moja. Mbili, kwa kuwa kidani kilitoka salama.

Mtakaopata za kwenu: msizipulizie manukato, msiingie nazo baharini, msiziache kwenye gari lililoegeshwa juani. Mafuta kidogo kwenye kitambaa laini mara moja moja, basi.

Kwangu kimebaki kipande kimoja, kinatosha pete ya binti. Namba ya mzee ninayo, na ameshanielekeza mlango wa uani.