Uzoefu wangu na transfoma mpya ya amplifaya ya valvu

Transfoma ya amplifaya yangu ya gitaa, yenye valvu (taa za kioo za kukuza sauti) mbili za 6V6 na rektifaya ya GZ34, yaani valvu ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, iliungua mwaka jana. Nilifikiria kuipeleka kwa fundi wa kusuka mota, lakini mwishowe niliagiza mpya kutoka nje, inayoweza kupokea volti 120 au 230. Ilifika salama, nzito, ikiwa na nyaya ndefu na karatasi ya kueleza rangi.

Upande wa kutolea umeme ulifuata desturi ya Marekani: nyekundu mbili za umeme mkubwa, nyekundu yenye mstari wa njano ikiwa ya katikati, njano mbili za volti 5 za rektifaya, na kijani mbili za volti 6.3 za kupashia valvu. Tatizo lilikuwa upande wa kuingizia. Karatasi ilisema kwamba nyeusi na kahawia ni za volti 230, ilhali mita ilisoma omu 4 kati yake, na omu 9 kati ya nyeusi na bluu, ambazo ziliandikwa kuwa za volti 120. Hilo lilinitia shaka, kwa sababu katika msuko mmoja sehemu ya volti 230 ndiyo yenye mizunguko mingi zaidi, na ukinzani wake ndio unaopaswa kuwa mkubwa.

Sikutaka kubahatisha. Nilichukua transfoma ndogo inayotoa volti 12 za AC, nikaiunganisha kwenye nyeusi na kahawia, kisha nikapima nyekundu mbili. Kwa transfoma ya 325-0-325, yaani volti 325 kila upande wa waya wa katikati na 650 kati ya nyekundu mbili, ningepata takriban volti 34 kama karatasi ingekuwa sahihi. Mita ikasoma 65. Nilipohamia bluu ikasoma 34, na 17 kutoka waya wa katikati hadi kila nyekundu. Karatasi ilikuwa imebadilisha kahawia na bluu, na kama ningeiamini, umeme wetu wa volti 230 ungeiunguza transfoma ambayo sikuitumia hata siku moja.

Baada ya hapo niliiwasha kupitia balbu ya waya ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo, ili izuie umeme mwingi kupita kama kuna hitilafu. Balbu ilimulika mara moja ikafifia. Sasa amplifaya inapiga saa mbili mfululizo na mkono unatulia juu ya chuma bila kuungua, wala hakuna mvumo. Transfoma yenyewe naisifu kwa moyo wote. Karatasi nimeitupa, na kila waya nimeufunga utepe wenye volti zake.