Semina ya unyanyasaji wa kingono kazini, Malindi: mafunzo nyota nne, fomu nyota moja

Kazi yangu ni ya vyumba, miaka 11 sasa katika hoteli za Malindi. Niliposikia watu wa serikali watakuja kutufundisha habari hii, nilibadilishana zamu nikaenda.

Dada aliyetufundisha namsifu. Hakutusomea karatasi, aliongea nasi. Alitueleza kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007: bosi, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenzako akikutaka kimwili kwa ahadi ya cheo au kitisho cha kufutwa, huo ni unyanyasaji. Hata maneno machafu yamo. Tena mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima awe na sera iliyoandikwa, ashauriane na wafanyakazi kwanza, kisha awajulishe wote. Kule nilikoanzia kazi tulipita 50. Ubao wa matangazo ulikuwepo, umejaa ratiba za zamu. Sera sikuiona.

Mama mmoja akauliza, "Na mgeni je? Unabisha hodi upeleke taulo, anakufungulia uchi." Ukumbi mzima ukawa kimya. Dada hakumdanganya: kifungu hicho hakimtaji mgeni, huyo apelekwe polisi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unawahesabu hata wateja. Mji wetu unakula kwa wageni, na sheria yetu ya kazi imewasahau hao hao!

Chai na mahamri vilifika kwa wakati.

Kisha zikaja fomu. Tuliambiwa serikali inataka kujua tatizo ni kubwa kiasi gani. Umewahi kunyanyaswa? Na nani? Juu kabisa, jina lako na hoteli yako. Waliozikusanya ni masupavaiza wetu, waliokuwa wameketi nyuma yetu tangu asubuhi. Na kifungu kile kile kinataka sera iahidi kwamba jina la mlalamikaji halitatajwa ila kwa uchunguzi au hatua za nidhamu.

Niliandika "La". Haikuwa kweli, na dada niliyeketi naye aliandika vivyo hivyo huku mkono unamtetemeka. Sasa hesabu yao itasema hoteli zetu ni salama.

Watu wa serikali, mkirudi, wakubwa wetu wakae ukumbi wao. Fomu isiwe na jina, na sanduku lenye kufuli liwekwe mlangoni. Yangu nitaijaza upya.