Maji ya moto au ya uvuguvugu kwa kusafisha mtutu wa gobore, bunduki ya kushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu?

Baruti yake nyeusi ni shura (chumvi ya potasiamu naitreti), makaa na salfa, kwa kadiri ya 75, 15 na 10 katika kila sehemu 100. Ikiungua huacha masizi yenye chumvi za potasiamu zinazovuta unyevu wa hewani, na mtutu huanza kushika kutu mapema sana. Chumvi hizo huyeyuka kwa maji. Mafuta peke yake huzifunika tu.

Maji ya moto sana yana sifa moja kubwa: hupasha chuma, na unyevu uliobaki hukauka wenyewe, hata pale kitambaa kisipofika. Lakini joto hilohilo huharakisha kutu. Ukichelewa kidogo kupaka mafuta, kitambaa cheupe hutoka na rangi ya kahawia. Wengi hudhani ni masizi, wakamwaga maji ya moto tena, kumbe wanazidisha tatizo.

Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo huyeyusha chumvi vizuri, wala hayaunguzi vidole. Gharama yake ni kazi ya mdeki, ile fimbo ya kusukumia vitu ndani ya mtutu: pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke bila unyevu hata chembe, kisha paka mafuta papo hapo. Tundu la kuwashia nalo likaushwe.

Mimi nachagua uvuguvugu, hasa penye hewa nzito ya unyevu. Kabla ya yote, hakikisha gobore halina baruti wala risasi ndani. Na kesho yake chungulia tena mtutu, upitishe kitambaa chenye mafuta.