Mchanga wa mto kwenye banda la kuku: uzoefu wangu, Goba, Dar es Salaam

Nina kuku 14 nyuma ya nyumba, kienyeji na chotara. Kwa miaka miwili niliwatandikia maranda. Kiangazi hayakunisumbua. Masika yakiingia, mvua ya upepo inapenya kwenye wavu, maranda yanalowa na kushikana, na asubuhi ukifungua mlango harufu inakuchoma macho. Masika ya mwaka jana majogoo wawili walihara damu. Vimelea vya ugonjwa huo vinataka unyevu na joto, na mimi nilikuwa nimevitandikia kitanda.

Nikahamia kwenye mchanga, na nikaanza vibaya. Jirani alimaliza ujenzi akanipa mchanga wa lipu uliobaki. Laini kama unga. Kuku walipoanza kuoga vumbi, banda zima likawa ukungu, na siku ya tatu nikasikia chafya. Niliumia sana, maana najua kuku anapumua mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini mwake, na vumbi la mchanga lina silika, madini yanayodhuru mapafu yakivutwa. Niliutoa wote jioni ile ile, nikiwa nimeunyunyizia maji na kujifunga kitambaa puani.

Mchanga wa ufukweni sikuugusa. Kuku hudonoa mchanga ili firigisi isage chakula, na chumvi ikizidi inawadhuru. Halafu fukwe zetu zinaliwa na bahari kila mwaka, tusizisaidie kuisha.

Nilichotaka ni mchanga wa mto, wa chembe kubwa, ule wa kumwagia zege. Wauzaji wa barabarani wote watakwambia wanao. Nilikwenda na chupa tupu ya lita moja: unajaza mchanga robo, unaongeza maji, unatikisa, unasubiri. Kwa muuzaji wa kwanza maji yalibaki kama chai ya maziwa, na juu ya mchanga kukatulia tabaka la udongo. “Dada, mchanga ni mchanga,” akaniambia. Nikamshukuru, nikaondoka. Wa pili, dakika chache tu maji yakawa yanaonesha upande wa pili. Nikachukua mzigo wa kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo. Nauli ilizidi bei ya mchanga wenyewe, jiandaeni kwa hilo.

Nyumbani niliupitisha kwenye chekeche, nikatoa misumari miwili na vipande vya chupa. Msiruke hatua hii, kuku humeza kinachong'aa. Niliuanika siku mbili, nikamwaga kina cha sentimita 10 hivi juu ya sakafu niliyoinua kidogo kwa kifusi, ili maji yapate pa kutokea.

Sasa ni miezi minane na masika yameshapita juu yake. Kinyesi kinakauka haraka, kila asubuhi nakichota kwa reki yenye wavu, dakika kumi kazi imekwisha. Mvua ikiingia, sehemu iliyolowa naigeuza na mchana inakauka. Mchana wa joto wanajichimbia humo na kulala, chini kuna ubaridi. Chafya sijasikia tena, wala kuhara damu.

Vifaranga bado nawaweka kwenye maranda makavu. Wakiwa wadogo hawajatofautisha chakula na mchanga, wanaweza kujaza mchanga mtupu kwenye gole, kile kifuko cha chakula shingoni. Nawahamisha wakishazoea kula vizuri, na kwanza nawawekea sinia moja tu la mchanga pembeni ili waujue.