Mashine ya presha ya Bluetooth: namba ziko sawa, siri hakuna

Nyota tatu, na zote ni za kupima presha.

Nilimnunulia mama Kariakoo, Sh 130,000, sasa ni mwezi wa tano. Tuliipeleka kliniki tukailinganisha na ya nesi: yake ilisoma 148 kwa 92, yetu 151 kwa 90. Mkanda unamkaa vizuri, betri hazijabadilishwa. Mimi niko Mwanza, yeye yuko Magomeni, kwa hiyo kilichonivutia hasa ni programu ya simu: akipima tu, na mimi naona.

Kumbe sikuwa peke yangu. Siku moja nampigia, namkuta kanuna. "Mwanangu, presha yangu umemwambia nani?" Asubuhi hiyo, akichota maji uani, mpangaji wa chumba cha pili alikuwa amempa pole: "Mama, 172 ya jana usiku si mchezo."

Jirani ana mashine ya aina ileile, na katikati yao ni ukuta mmoja tu. Simu yake ilidaka kipimo cha mama, ikakiweka kwenye grafu yake yeye. Alidhani yake imeharibika, mpaka alipokumbuka kwamba usiku ule hakupima kabisa, ila alisikia mlio wa ile ya mama ukutani.

Nilipokwenda likizo nikajaribu mwenyewe. Nikaweka programu kwenye simu ya mdogo wangu, nikasimama uani, mama akapima ndani. Namba ikaja. Hakuna namba ya siri, hakuna cha kubonyeza kwenye mashine kukubali simu ngeni.

Programu nayo inataka kujua mahali ulipo na majina yote ya simuni. La mahali naelewa: Android za kabla ya toleo la 12 zinadai ruhusa hiyo ili programu itafute vifaa vya Bluetooth. Majina ni ya nini? Niliyakataa, na ikaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya kwenye taarifa nyeti. Nilimuuliza muuzaji vipimo vya mama vinahifadhiwa wapi. Akanionyesha karatasi ya waranti.

Na hii inapima tu. Juni 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya watumiaji wa baadhi ya pampu za insulini (dawa ya kisukari) za MiniMed, za kampuni ya Medtronic, kwamba mtu aliye karibu angeweza kuziingilia bila waya na kubadilisha kiasi cha dawa. Hapo si aibu ya uani tena, ni roho ya mtu.

Mashine tumebaki nayo. Bluetooth nimeizima, programu nimeifuta. Mama anaandika namba kwenye daftari, jioni ananisomea kwa simu. Jirani siku hizi anauliza "umeamkaje?" kama watu wengine.